Mimi ni Mkongo nasoma Moshi, mbona Kiswahili changu wananicheka?

SWALI: Mshauri, mimi ni binti wa miaka 22 kutoka Bukavu, nasoma uhasibu mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Moshi. Kabla sijaja niliambiwa nina bahati kwa sababu Kiswahili nakijua. Sasa nikifungua mdomo darasani wanacheka, na Kiingereza cha wahadhiri kinanipita. Muhula wa kwanza nimepata sapu mbili, yaani masomo mawili ya kurudia mtihani. Mama mmoja wa ofisini aliniambia sina adabu na mpaka leo sijui nilimkosea nini. Hosteli yetu ina wanafunzi wawili kutoka Ulaya, wao kila mtu anawasaidia. Nyumbani nako unajua hali ilivyo. Nikaze au nirudi? Na sombe na sambaza nitazipata wapi hapa? – Binti wa Bukavu

JIBU: Binti yangu, barua yako ina mambo mengi, ila kuna sentensi moja umeipitisha kama ya pembeni na mimi ndiyo iliyonisimamisha: wale wawili wa Ulaya kila mtu anawasaidia. Huenda umeshajiambia ni rangi. Sehemu yake inaweza kuwa hiyo, sitakudanganya. Lakini nilikaa ofisi ya mshauri wa wanafunzi miaka kumi na minne, nikaona jambo lilelile likimpata Mrundi, likimpata Mkenya wa Taveta hapo mpakani, hata Mtanzania aliyekulia Lusaka. Mzungu akikosea salamu, watu wanafurahi na kumfundisha. Mkongo akikosea salamu hiyohiyo, hana adabu. Yule anahesabiwa mgeni, wewe unahesabiwa mtu wa hapa aliyelelewa vibaya. Kiswahili ulichoambiwa ni bahati ndicho kilichokunyima ugeni wako.

Nililionja hilo mwenyewe Kampala, miaka ya 1990. Nimezaliwa Kilema, nimekulia migombani, nikajiambia chakula hakitanishinda maana na wao ni watu wa ndizi. Siku ya kwanza nikaletewa ndizi zilizofungwa kwenye majani, zikapikwa kwa mvuke, zikapondwa, mchuzi wa karanga pembeni. Niliitazama ile sahani kwa uchungu kabisa. Wangeniletea chakula cha Kichina nisingeshangaa, lakini ndizi! Na Kiswahili nilichodhani kitanifungulia milango, wazee wengi kule walikihusisha na askari wa enzi za Idi Amin. Mama mwenye nyumba niliyopanga aliniomba kwa upole nisikiongee mbele ya wageni wake. Ilinichukua muhula mzima kuacha kununa na kuanza kusema, "Mimi ni mgeni, nielekeze."

Maneno hayo ndiyo nakupa kwanza, na uyaseme mapema, kabla kosa halijatokea. Ukikaa na watu wapya kwenye kikundi cha kazi, ukiingia ofisi usiyoijua, anza na "Natoka Bukavu, Kiswahili chetu kina tofauti kidogo, nikikosea niambie." Utaona sura zinavyobadilika. Watu wa Moshi wamezoea wageni kuliko miji mingi ya nchi hii, mlima umewaletea dunia nzima mlangoni. Tatizo ni kwamba hawakujua kama wewe nawe ni mgeni.

Sasa huyo mama wa ofisini. Sikuwepo, ila naweza kukisia. Uliingia ukasema "Jambo", kisha "Niko nataka karatasi ya matokeo," au "Nipe." Kwenu Kivu "Jambo" ni salamu kamili ya heshima. Hapa "Jambo" tumewaachia watalii. Mtu mzima akiambiwa "Jambo" na binti mwenye sura kama ya mwanawe anasikia dharau. Anangoja "Shikamoo", ajibu "Marahaba", ndipo masikio yafunguke. Baada ya hapo "Pole na kazi", halafu "Samahani, naomba kuuliza kuhusu matokeo yangu." Neno "naomba" libebe kila mahali: dukani kwa mangi (ndivyo tunavyomwita mwenye duka, awe Mchaga asiwe), kwenye daladala, kwa mama ntilie. Haimaanishi unaomba bure. Ni njia ya kununua.

Wengi huniuliza shikamoo inaanzia umri gani. Hakuna mstari. Mhadhiri, karani, mlinzi wa getini mwenye mvi, mama anayeuza parachichi, wote wape. Hatari pekee ni dada wa miaka thelathini anayejiona bado msichana. Huyo mpe "Habari za kazi, dada" na mtapatana. Na rudi kwa yule mama. Usiende kujitetea, nenda kumsalimia tu: "Shikamoo mama, siku ile nilikosea, kwetu tunasalimiana tofauti." Nimewaona makarani wa namna hiyo wakigeuka kuwa walezi wa mtu chuoni, wale wanaokupigia simu kwamba fomu inafungwa kesho.

Kuhusu kuchekwa, tenganisha mambo mawili. Ukisema "aksanti", "mayi", "bantu", "niko naenda", hukosei. Hicho ni Kiswahili cha mamilioni ya watu wa Kivu, Maniema na Katanga. Kilifika huko karne ya 19 na misafara ya biashara kutoka pwani, kikakutana na lugha za wenyeji na kuota mizizi yake. Hao wanaokucheka, wengi wao lafudhi yao ya Kichaga ndiyo wanayoiga wachekeshaji wa Dar es Salaam. Halafu kuna utani, ambao hapa ni desturi kabisa. Wachaga na Wapare wanatupiana maneno hadi msibani, huyu bahili, yule mpenda pesa, na wanazikana. Ukiona wamekubandika jina, "Mkongo", "Mama Bolingo", wakakuuliza kila Ijumaa kama leo unavaa suti ya rangi gani, mara nyingi wameshakuandikisha kwenye ukoo. Rudisha. Waulize kama kaunta ya benki nayo wanaisalimia shikamoo.

Lakini mtu akikuiga wakati unawasilisha kazi mbele ya darasa, mhadhiri yupo, na wewe unatetemeka, huo si utani. Mtani anakutania mkiwa sawa, hakungoji ukiwa umefungwa mikono. Zungumza na CR wenu, yule mwakilishi wa darasa, faraghani, asipoelewa nenda kwa mhadhiri, kisha ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Hilo ni haki yako.

Nije kwenye sapu, maana hapo ndipo naona kosa kubwa la utambuzi. Umeandika kwamba Kiingereza kinakupita. Nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba wewe tayari unajua uhasibu, na ule unaoujua unagombana na unaofundishwa.

Ikiwa sekondari ulipitia mkondo wa biashara, ulifundishwa mfumo wa uhasibu wa OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika ambazo nyingi zinatumia Kifaransa, ambao Kongo iliuingia mwaka 2012. Kule kila akaunti ina namba yake kitaifa: 57 ni fedha mkononi, 52 ni benki, 60 manunuzi, 70 mauzo. Mtu aliyelelewa hivyo anafikiri kwa namba. Tanzania inafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha na hakuna orodha ya namba ya taifa. Kila kampuni inajipangia, na kwenye mtihani unaandika majina. Kule gharama ulizoea kuzipanga kwa aina yake, manunuzi peke yake, mishahara peke yake. Hapa mhadhiri anaanza na mauzo, anatoa gharama ya bidhaa zilizouzwa, anapata faida ghafi, ndipo anashuka kwenye gharama za uendeshaji. Jibu la mwisho ni lilelile, njia ni nyingine, na maksi zipo njiani. Nimewahi kuketi na kijana wa Lubumbashi, tukapitia karatasi yake ya sapu. Faida aliipata sahihi hadi senti, hatua zote za katikati hazikuwepo.

Kisha angalia nukta na mkato. Kwenu milioni moja na senti hamsini huandikwa 1.000.000,50. Hapa ni 1,000,000.50. Ukiandika 1.250 ukimaanisha elfu moja mia mbili hamsini, msahihishaji anasoma moja na robo. Mchoko wa saa tatu za mtihani unaurudisha mkono kwenye mazoea ya utotoni, kwa hiyo lifanyie mazoezi kama mtu anayejifunza kuendesha gari upande mwingine wa barabara. Na hilo nalo umeshaliona: Bukavu mnapita kulia, Moshi tunapita kushoto, tazama kulia kwako kwanza kabla hujavuka pale Double Road.

Maneno yanayofanana ndiyo mabaya zaidi. Neno usilolijua kabisa utalitafuta kwenye kamusi, ila neno linalofanana na la kwenu huliulizi. "Amortissement" kwenu ni uchakavu wa mali yoyote, lori au jengo. Kwa Kiingereza uchakavu wa lori ni "depreciation", na "amortisation" imebaki kwa mali zisizoshikika kama leseni. Ukiiweka kwenye lori unakatwa maksi na huelewi kwa nini. "Actuellement" ni sasa hivi, "actually" ni kwa kweli. "Éventuellement" ni huenda, "eventually" ni hatimaye. Nunua daftari la kurasa mia moja, kila ukurasa upige mistari ya safu tatu: Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili. Kwenye safu ya tatu andika unavyolieleza jambo kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili cha Bukavu. Maneno ya hesabu yanayorudi kwenye mwaka wa kwanza si mengi kama yanavyoonekana. Ukishayamiliki hayo, Kiingereza cha mhadhiri kitapungua kasi chenyewe.

Pita pia steshenari za karibu na chuo ununue karatasi za mitihani ya miaka ya nyuma. Wenzako wote wanazo, wamezihifadhi pamoja na madesa yao, wamesahau tu kukuambia. Usisome majibu kwanza, soma amri. "State" anataka mstari mmoja. "Explain" anataka sababu. "Discuss" anataka pande mbili na msimamo wako. Elimu ya Kifaransa inakufundisha kuzunguka kwa utangulizi mzuri kabla ya kufika. Hapa msahihishaji ana vitabu mia tatu mezani, mpe jibu sentensi ya kwanza.

Na usiidharau koswek, zile alama za testi na kazi za muhula. Kwenye vyuo vyetu vingi inabeba kama alama 40 kati ya 100, kabla hata hujaiona UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Testi moja uliyoikosa kwa sababu ya saa inaweza kuwa ndiyo sapu yenyewe. Nasema saa kwa makusudi. Ninyi saa mnapenda kuitaja kwa Kifaransa. CR akiandika kwenye grupu "testi saa nane", anamaanisha saa kumi na nne za Kifaransa. Ratiba ya chuo iliyobandikwa ukutani inaandika 08:00 na hiyo ni saa mbili asubuhi. Mambo mawili kwenye siku moja, na kila mwaka yupo mgeni mmoja anayefika kwenye chumba kitupu. Alama nazo zisikutishe: katika vyuo vingi vya hapa A huanzia 70, hivyo ukipata 58 si aibu unayoweza kuifikiria.

Fedha nitaigusa kidogo. Wenzako wengi wana bumu, pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, wewe huna. Likitoka utawaona wanakula chipsi kuku wiki mbili, likiisha watakuja kukukopa wewe, kwa imani kwamba mgeni ana dola. Sema "sina" bila maelezo. Michango ya harusi na sendofu za watu usiowajua unaweza kuipita kwa tabasamu. Ya msiba wa mwanafunzi mwenzako toa hata elfu moja, na uende. Nguo za baridi tafuta kwenye mitumba ya Memorial kabla ya Juni haijakukuta. Kibali chako cha mwanafunzi tazama tarehe leo, anza kukihuisha miezi miwili kabla. Na kwa kuwa nchi yenu imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, uliza ofisi ya fedha wanakutoza kama Mwafrika Mashariki au kama mgeni wa mbali. Vyuo havifanani katika hili, na hakuna atakayekuambia usipouliza.

Umeandika "nyumbani nako unajua hali ilivyo" ukaruka mstari. Najua kiasi. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 na benki kufunga milango, kutuma ada kumekuwa mtihani kuliko kuisoma. Kama ada imekwama, usingoje jina lako libandikwe kwenye orodha ya wasioruhusiwa UE. Andika barua sasa, kwa mshauri wa wanafunzi na nakala kwa ofisi ya fedha, ueleze kilichotokea na uombe kulipa kwa awamu. Barua iliyoandikwa mapema inajadiliwa. Machozi ya asubuhi ya mtihani yanahurumiwa tu, na huruma haifungui mfumo wa kompyuta.

Habari za huko zipangie saa. Najua wanafunzi waliolala na simu kifuani, wakaamka saa tisa usiku kusikiliza sauti za grupu la familia, nusu yake uvumi. Chagua mtu mmoja wa nyumbani, ndugu mtulivu, mkubaliane anakupigia jioni, kabla ya chakula, si kabla ya kulala. Mengine yakiwa mazito atakutafuta. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli, huoni sababu ya kuoga wala kwenda darasani, usiite uvivu na usingoje mtu akuone. Inaweza kuwa sonona, na ina tiba. Anza zahanati ya chuo, wakiona inafaa watakuelekeza hospitali ya Mawenzi au KCMC. Kwenda huko hakukuandiki wazimu.

Halafu tafuta mahali unapojulikana kwa jina na si kwa nchi. Kama ulizoea kwaya, tafuta kwaya. Kama ni Mkatoliki, jumuiya ndogondogo za mitaani zinasali nyumba kwa nyumba, na mtu aliyekaa kwenye kochi la mama fulani mara tatu si mgeni tena mtaa huo. Hili litakusaidia hasa Desemba. Mwezi huo Wachaga wa nchi nzima wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa, migomba inakatwa, mbege inachachuka, na wewe utabaki hosteli na mlinzi. Mtu akikualika uchagani kwa Krismasi, nenda. Beba sukari kilo mbili na majani ya chai.

Urudi au ukaze? Siwezi kuamua kwa niaba yako, ila sikushauri uamue kwa sapu mbili za muhula uliokuwa unatafsiri kila sentensi mara mbili. Zifanye kwanza hizo sapu na daftari lako la safu tatu mkononi. Ukizifanya kwa njia mpya na bado zikakataa, njoo tuzungumze kuhusu kozi nyingine au chuo kingine. Hilo nalo lipo na halina aibu.

Sombe hapa inaitwa kisamvu. Nenda soko la Mbuyuni asubuhi, useme "Shikamoo mama, naomba kisamvu cha kutwanga." Tunakiunga kwa karanga au nazi, wewe fanya unavyojua. Na sambaza zako zipo. Samaki hao hawakuwa wa Kivu asili yao. Walichukuliwa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ulizia dagaa wa Kigoma, wapo wa kukaushwa, chambua vizuri uwachanganye na nyanya. Ila usimwambie muuzaji "sambaza". Atadhani unamwamuru ayatandaze mafungu yake yote chini.